Programu Isiyo na wa Kwanza

Mama Pazia aliifunga simu kwenye usukani wa baiskeli kwa utepe wa lastiki, ule ule anaotia kwenye viuno vya sketi za shule, akapiga fundo, akautikisa usukani kuona kama simu itadondoka. Haikudondoka. Akakaza kilemba, akajaribu breki ya mbele, akajaribu ya nyuma, kisha akamwambia jirani yake aliyekuwa akifagia kibaraza kwamba anakwenda na kurudi, asije akamtangazia mtaa mzima kuwa kahama.

"Uhame ulipeleke wapi hilo goti," jirani akasema, akaendelea kufagia.

Goti ndilo lililoanzisha yote. Lilikuwa goti la kulia, limekanyaga pedali ya cherehani tangu Mama Pazia alipokuwa msichana, na sasa lilikuwa limegoma. Muuguzi wa kliniki alimwambia aendeshe baiskeli kila asubuhi, polepole, na akija siku ya miadi amwonyeshe safari zake kwenye simu. Si kwa mdomo. Midomo ya wagonjwa, muuguzi alisema, anaijua.

Baiskeli ilikuwepo, ameiacha mumewe. Programu ya simu aliwekewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyepita jioni moja akiwa bado amevaa koti la kampuni ya vifurushi. "Hii ndiyo tunayotumia sote kazini," alisema. "Inajua kila mlima wa mji huu." Akabonyeza, akamrudishia simu, akala alichopewa, akaondoka.

Basi Mama Pazia akaupanda mlima wa mjini. Alianzia kwenye kidaraja cha mfereji, akapita mbele ya duka la mikate, akashuka na kusukuma pale goti lilipokataa, akapanda tena ili asionekane mzembe. Akavuka kilele, akateremka upande wa pili ameshika breki zote mbili mpaka lango la soko. Hapo simu ikapiga tarumbeta. Ikampa hongera, ikamwambia kuwa katika wote waliowahi kuupita mlima ule ameshika mkia. Chini yake yakatokea majina, na la kwanza kabisa, lenye taji juu yake, lilikuwa Mshale.

Mshale alikuwa mumewe. Alifariki mwanzo wa mvua zilizopita, kwenye mteremko huo huo, akiwa na kifurushi mgongoni. Kifurushi kilifika salama, maana kampuni ilimtuma mwingine akakiokota.

Mama Pazia hakulia. Kusema kweli alifurahi. Mtu akikuacha, popote unapolikuta jina lake unaona kama kakuachia salamu. Akalisugua taji kwa kidole, kana kwamba ni vumbi, akageuza baiskeli.

Magharibi, alipokuwa akikata kitambaa cha mapazia ya kliniki, alisikia hodi. Alikuwa mumewe. Amevaa koti la kampuni, jasho linamtiririka, pumzi juu juu. Mama Pazia akamkaribisha kwanza, maana mume haulizwi habari mlangoni, akamletea maji. Akanywa yote, akaomba mengine.

"Mama Pazia, leo umepanda mlima."

"Nimepanda, mwenzangu."

"Ukiwa na ile programu." Akafuta jasho kwa kiganja. "Kila anayepanda akiwa nayo, lazima mimi nipande mbele yake. Jina liko juu, na jina halipandi lenyewe. Ulipofika wewe nilikuwa ndiyo kwanza nimemalizana na mwendeshaji mmoja mwenye ndevu."

"Kwani huko mliko hakuna kupumzika?"

"Kupo. Wenzangu wamelala. Mimi naitwa."

Mama Pazia akaweka mkasi chini. Ilimuuma, kwa sababu mtu huyo hata akiwa hai alikuwa mpenda usingizi, na Jumapili alikuwa akilala mpaka jua limchome. "Nisamehe," akasema. "Sikujua."

"Ungejuaje. Nami nimefurahi kukuona barabarani. Nakushukuru hukuiuza baiskeli."

Akakaa kidogo, akainua kichwa kama mtu aliyeitwa na mwajiri, akaaga. Asubuhi yake jirani alisema amemwona baba jana akitoka, na kwamba amekonda.

"Kazi," Mama Pazia akajibu.

Akaifuta ile programu siku hiyo hiyo, akaenda kwenye kibanda cha kaka anayetengeneza simu. Akamweleza haja yake: anataka programu ya kurekodi mwendo wa baiskeli, isiyo na wa kwanza.

"Isiyo na wa kwanza?"

"Wala wa mwisho."

Kaka wa simu akajikuna shingo. Wateja wake walikuwa wakija kutaka kamera nzuri. Lakini alikuwa mtu wa kutatua, hakuwa mtu wa kuhoji, akatafuta akapata moja, akamwambia hiyo haimshindanishi mtu na mtu. Unashindana na nafsi yako tu, basi.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili, alipofika penye duka la mikate, Mama Pazia alimwona mbele yake mwanamke kavaa gauni alilovaa yeye jana. Alimjua mara moja kwa lile goti. Akamwomba ampishe. Wa jana hakupisha, aligeuka nusu, akamsonya, akakaza mwendo. Mama Pazia akajikuta anamkimbiza, yeye mtu mzima na heshima zake, mpaka goti likavimba. Wiki haikuisha walikuwa wamejaa barabarani, kila mmoja na gauni la siku yake, wote wana haraka, na jirani akawa hajui amsalimie yupi. Programu ilipofutwa walishuka kwenye baiskeli zao wakaenda zao, wa Jumanne bado kanuna.

Ya tatu ilikuwa ya makofi. Haikuwa na nafasi wala jana, ila ukiendesha inakupigia makofi, na ukiendesha zaidi inakupigia vigelegele. Mama Pazia aliipenda sana, nani asiyependa kusifiwa. Taabu ni kwamba makofi yalimfuata nyumbani. Alipigiwa alipofungua kufuli, akapigiwa alipofua. Kisha akamenya vitunguu, makofi yakakoma, na akasimama jikoni na kisu mkononi akijiona hana thamani kwa sababu ya vitunguu. Akasema hapana, huku ni kutafutana ubaya.

"Imebaki moja," kaka wa simu akasema, bila tamaa. "Lakini hiyo haijui kitu. Inachora mstari pale ulipopita, na ukifika inakuambia umefika. Watu wakiiweka leo, kesho wananirudia niifute."

"Niwekee hiyo hiyo, baba. Nashukuru kwa subira yako."

Alfajiri alifunga simu kwa lastiki, akatoka. Alipopita duka la mikate alisikia mnyororo wa baiskeli nyingine ubavuni, unaolia kila pedali ikishuka, na mlio ule alikuwa ameusikia ukiingia uani kwake kwa miaka ya ndoa yake yote. Hakugeuka haraka, akamwachia nafasi upande wa ndani.

"Umeitwa?"

"Sijaitwa," mumewe akasema. "Nimekuja tu."

Wakapanda pamoja. Goti lilipokataa akashuka akasukuma, naye mumewe akashuka akasukuma. Alikuwa akiangalia kulia na kushoto kama mgeni. Akauliza hili geti la kijani ni la nani, na hiki kisima kimechimbwa lini. Mama Pazia akamwambia geti liko hapo tangu walipohamia mjini, na kisima ni cha zamani kuliko wao. Akasema loo, kumbe alikuwa akipita hapo kila siku.

Kilele kina jiwe pana kando ya barabara. Mama Pazia alikuwa amepanga kuishia hapo, kwa hiyo akabonyeza simu. Ikamwonyesha mstari. Ilikuwa mistari miwili, mmoja ubavuni mwa mwingine kutoka kidarajani hadi kileleni, na chini yake paliandikwa neno: Umefika. Basi, hapakuwa na kingine.

Mumewe akaomba aione. Aliishika simu kwa mikono miwili, akasoma lile neno moja kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji. "Ile ya kwetu haikuwahi kuniambia hivi," akasema. "Ilikuwa inaniambia nafasi." Akaketi kwenye jiwe, akaegemea mkono, na kabla Mama Pazia hajafungua chupa ya maji alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma taratibu. Mama Pazia alikaa kando yake akimfukuzia nzi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na aliyeitengeneza programu ile, popote alipo. Jua lilipopanda mumewe akashtuka, akasema anaitwa, akaondoka kuelekea chini.

Ikawa desturi. Lakini kulala kidogo kila asubuhi si kupumzika, na Mama Pazia alitaka mumewe apumzike kama wenzake. Akavaa gauni zuri, akaenda kampuni ya vifurushi kuomba jina litolewe.

Ubao wa kampuni ulikuwa umetundikwa langoni, waendesha baiskeli wote kwa mpangilio, Mshale juu kabisa na picha yake. Walio chini kabisa mwisho wa mwezi hurudisha koti, kazi imekwisha. Msimamizi alimpa Mama Pazia kiti, akampa maji, akamsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, jina la marehemu pale ni heshima."

"Anachoka, bwana. Anapanda kutwa."

"Nakuelewa. Hata sisi hapa tumechoka." Akaangalia ubao kupitia dirishani. "Lakini tukilitoa, hawa watamfukuza nani?"

Akamshukuru kwa kufika, na alimaanisha. Akamsindikiza mpaka langoni.

Shemeji alikuwa hapo akipakia vifurushi. Aliposikia alichofuata shemeji yake akasema hakuna haja ya kuomba mtu. "Mimi nitampita," akasema kwa sauti ya chini. "Jina langu likikaa juu, yeye atapumzika. Kesho kutwa, asubuhi, kabla barabara haijajaa."

Mama Pazia alikuwa anajua jinsi wanavyoupita mlima ule. Wote wana mtindo mmoja. Chini, kwenye kidaraja, husimama kidogo na kulegeza waya za breki, raba zisiguse rimu, gurudumu lizunguke bure na mlima uwe mwepesi. Kileleni husimama tena na kuzikaza kabla ya mteremko. Hakuna aliyewafundisha, walifundishana. Na saa ya programu inaendelea kuhesabu mtu akiwa ameinama na spana. Mshale, siku ile, alifika kileleni akasikia mnyororo wa mtu nyuma yake, akasema atakaza huko mbele.

"Mnyororo ule ulikuwa wangu," shemeji akasema, kana kwamba amemsikia akiwaza. "Alikimbia kwa sababu yangu."

"Najua, shemeji. Na wewe ndiye uliyekaa naye barabarani mpaka mwisho ukamshika kichwa. Hilo nimekushukuru, na nitakushukuru mpaka nife. Usiende."

Shemeji akainua kifurushi kingine, akakipakia. Alikuwa wa pili kutoka chini kwenye ubao, na koti lake lina kiraka begani ambacho Mama Pazia mwenyewe alikishona.

Asubuhi, juu ya jiwe, alimweleza mumewe. Alidhani atafurahi. Mumewe akatikisa kichwa.

"Asijaribu. Nikimwachia anipite, jina litakuwa lake. Namjua mdogo wangu, hatakaza, ataanguka kama mimi, kisha aitwe yeye."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo simwachii. Simwachii yeyote."

"Nilidhani unalazimika."

"Kupanda nalazimika," mumewe akasema. "Kushinda ni shauri langu."

Mama Pazia akamwongezea maji. Alikuwa ameishi na mtu huyu, amemfulia, amegombana naye juu ya kukoroma, na hakujua kuwa angeweza kumpenda zaidi baada ya kumzika. Akamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Mumewe akacheka, akasema basi anashukuru, na alale kidogo.

Siku ya shemeji, Mama Pazia alikuwa kileleni mapema, na spana kwenye mfuko wa gauni. Aliisikia ile minyororo miwili kabla hajawaona. Mumewe alitokea kwanza, ameinama juu ya usukani, macho mbele, waya za breki zinaning'inia. Alipita bila kuongea, kama anavyopita mtu akiwa kazini, akazama kwenye mteremko. Nyuma yake, karibu mno, alikuja shemeji. Mama Pazia akaitega baiskeli yake barabarani, ikaziba njia nzima, akasimama mbele ya shemeji.

Shemeji alilazimika kutia mguu chini. "Nipishe, shemeji. Nimeuona mgongo wake."

"Kaza breki."

"Nitakaza huko mbele."

"Hivyo ndivyo alivyosema."

Shemeji akabaki na mguu mmoja chini. Mama Pazia akampa spana, na akamfikishia maneno ya kaka yake, yote, pamoja na lile la kushinda ni shauri langu. Shemeji akashuka. Akachuchumaa kando ya gurudumu, akaikaza ya mbele, akaikaza ya nyuma, na kamasi zikimtoka kama mtoto. Simu yake ilikuwa ikihesabu muda wote. Alipomaliza, mume wa Mama Pazia alikuwa amerudi juu, anasukuma baiskeli, amelowa jasho.

"Umekaza?" akamwuliza mdogo wake.

"Nimekaza, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Zijaribu."

Akazijaribu. Zilishika. Wakateremka watatu, taratibu, Mama Pazia katikati kwa sababu ya goti, na simu yenye lastiki ikachora mistari mitatu mpaka lango la soko, ikawaambia neno lake lile moja. Shemeji alisema hajawahi kuona kwamba mteremkoni kuna mti wa mapera. Wakachuma.

Tangu hapo shemeji hakulegeza tena breki, na mwisho wa mwezi akarudisha koti. Sasa anakaa kileleni, kando ya jiwe, na sanduku la spana na kopo la grisi, anatengeneza baiskeli za wapitao. Wapeleka vifurushi wakifika anawaambia kaza, ndugu yangu, ni bure. Mmoja mmoja husimama. Wengi humpungia mkono wakapita. Kampuni imeweka ubao mpya, mkubwa zaidi, na picha ya Mshale imepigwa rangi upya.

Muuguzi wa kliniki aliangalia safari zote kwenye simu, akabonyeza goti, akasema linaendelea vizuri. Akauliza kwa nini mstari ni mara mbili.

"Tunakwenda wawili."

"Vizuri," muuguzi akasema. "Usiende peke yako." Akaandika miadi nyingine.

Asubuhi moja Mama Pazia alikuwa juu ya jiwe akishona pindo la pazia, mumewe kalala ubavuni mwake, shemeji akipasha moto chai kwenye jiko dogo. Mumewe akafumbua macho, akajinyoosha, akanywa maji aliyowekewa.

"Nani leo?" Mama Pazia akauliza.

"Mgeni. Simjui."

Wakatazama chini. Pale kidarajani kijana mmoja alikuwa ameinamia gurudumu, analegeza waya. Alikuwa amevaa koti la kampuni lililomzidi mabega, na hata kutoka juu kule Mama Pazia alikitambua kiraka chake begani.

Mumewe akamshukuru kwa maji, akamshukuru kwa usingizi. Naye Mama Pazia akamshukuru kwa kuja. Shemeji akachagua spana ya breki, akaifuta, akasimama kando ya barabara. Kisha mumewe akapanda baiskeli, akateremka kwenda kumtangulia yule kijana.